Ua wa Nyuma Kwanza: Sitara ya Nyumba Kutoka Newala Mpaka Mbao za Plastiki



Sisi kazi yetu ni mapazia na nguo za harusi. Siku hizi tukienda kupima madirisha ya nyumba mpya, maswali hayaishii kwenye kitambaa. Tunaulizwa na ua pia, zile mbao za kahawia au kijivu zinazopangwa moja juu ya mwenzake bila upenyo, zinazofanana na mti lakini si mti. Mafundi wengi wanaziita mbao za plastiki. Tutazifikia. Kwanza lakini tuwapeleke Newala na Masasi, kusini ya Tanzania Bara, ambako sisi hupeleka vitambaa msimu wa korosho. Kule mtu anaweza kuisoma historia ya ua kwa macho, akipita tu barabarani.

Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde. Ukisimama pale wanapopaita Shimo la Mungu, ardhi inakatika mbele yako na bonde la Ruvuma liko chini kabisa. Juu ya uwanda mchanga unayanywa maji yote ya mvua. Hakuna mto, na chemchemi ziko chini ya mteremko. Masasi wenyewe wako chini upande wa magharibi, katikati ya vilima vya mawe. Mtu mgeni atauliza: watu wenye akili zao wanakwendaje kuishi juu, mbali na maji?

Jibu ni hofu. Karne ya 19 ilikuwa karne ya misafara ya watumwa kwenda Kilwa na Mikindani, na baadaye mashambulizi ya Wangoni waliokuwa wakiitwa Magwangwara. Livingstone alipopita upande ule mwaka 1866 ilibidi watu wa hapo wamkatie njia kwa mashoka, kwa jinsi kichaka kilivyosokotana. Kichaka hicho ndicho kilichokuwa ua. Nyumba chache za ukoo mmoja zilikaa katikati ya pori, njia ya kuingilia nyembamba, na mgeni asiyeijua hafiki.

Na hapa Unguja tunaingia. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kiingereza aliondoka Zanzibar na kundi la watu waliokombolewa utumwani, akawapeleka bara, wakajenga Masasi. Fikirini: watu waliouzwa mara moja, wamepata nyumba zao wenyewe. Mwaka 1882 Magwangwara wakawashukia, nyumba zikachomwa, watu wakachukuliwa mateka. Misheni ikahamia Newala, juu, penye kichaka. Kwa hiyo ua wa kwanza wa nchi ile haukuhusu kuonekana na jirani. Ulikuwa tofauti ya kulala kwako na kuamka umefungwa kamba.

Sasa nani aliyeulipia ua huo? Wanawake. Wao ndio walioteremka mteremko na kupanda na mtungi kichwani, saa kwa saa, kila siku. Mjerumani Karl Weule alikaa Newala mwaka 1906, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1908 anaeleza habari ya umbali wa maji, na hadithi ya wazee kwamba mababu waliusiwa wakae juu, mbali na mito, ndipo watoto wao watapona. Hadithi nzuri. Lakini aliyekaa nyumbani akaisimulia siye aliyekwenda mtoni. Sisi wenye kupima vitu kwa futi tunaona hesabu yake: ukuta ulimlinda mwanamke usiku, na mchana mzima akawa nje ya ukuta.

Vita vya Maji Maji vilipokwisha na njia zikawa salama, watu wakaanza kutoka vichakani. Katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20 Uislamu ulienea sana vijijini kule, na waliouchukua wengi walikuwa wenyeji waliokwenda pwani kwa biashara na kazi. Walirudi na mambo mengi, na moja ni nyumba ya mstatili: baraza mbele, ua nyuma. Sisi wa visiwani ua huo tunaujua bila kufundishwa. Huko nyuma ndiko jiko, ndiko bafu, ndiko mwanamke anapovua mtandio akasuka nywele. Na adabu yake tumefundishwa: Surat An-Nur imeweka kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba ya mtu, na katika hadithi sahihi Mtume, rehema na amani zimshukie, alimkemea aliyechungulia tunduni, akabainisha kuwa idhini iliwekwa kwa sababu ya jicho. Jicho, siyo mguu tu.

Pwani na visiwani ua ulikuwa wa makuti ya kumba. Juu ya uwanda minazi ni haba, kwa hiyo wakatumia fito, mianzi, nyasi na mabua. Kila kitu cha namna hiyo mchwa wanakipenda. Ua wa mabua ukipata mvua mbili unaanza kulala, na mwenye nyumba anaanza upya. Hayo ndiyo matunzo ya ua kwa miaka mingi: kuanza upya.

Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliweka mradi wa maji wa Makonde, maji yakasukumwa kwa mashine kutoka chini mpaka juu. Hayakumfikia kila mtu, na mpaka leo kilio cha maji kule hakijanyamaza, lakini yalianza kumrudisha mwanamke karibu na ua wake.

Halafu yakaja ya mwaka 1973. Novemba ya mwaka huo Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na Operesheni Vijiji ikafuata. Watu walitolewa kwenye miji yao ya ukoo, iliyofichwa na mikorosho na vichaka, wakapangwa kwa mistari kando ya barabara. Kuhusu shule na zahanati tutaacha wengine wabishane. Sisi tunasema la uani: nyumba iliyokuwa na pori kuizunguka ikajikuta haina kitu, mbele barabara, kushoto jirani, kulia jirani, nyuma mstari mwingine wa nyumba. Mtu na shemeji yake, mtu na asiyemjua, choo kinatazamana na jiko la wenzako. Vitabu vinavyoeleza habari za vijiji vina hesabu za magunia na ekari. Hesabu ya bafu hatujaiona.

Dawa ikawa kupanda. Minyaa, ile yenye vijiti vya kijani na utomvu mweupe, na mibono. Hukata tawi, ukachomeka, likashika bila kumwagiliwa, mbuzi hali, mchwa hagusi. Utomvu wa minyaa ukiingia jichoni ni balaa, watoto waonywe. Palipobaki wazi hutundikwa kanga kuukuu. Ukipita vijijini Newala leo bado unaziona nyua za namna hiyo, na sisi tunaziheshimu kuliko kuta nyingi za tofali.

Kwa sababu kuta zilikuja. Mwaka 2007 ulianza utaratibu wa stakabadhi ghalani kwenye korosho, na msimu wa 2017 bei ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Fedha zile zilijenga. Bati likapanda juu ya nyumba, tofali likaja, na ua wa tofali ukaanzia wapi? Mbele. Geti la chuma lenye maua, nguzo mbili, rangi. Ukizunguka nyuma mama bado anaoga ndani ya viroba vya mbolea vilivyoshonwa. Tusiwacheke wenzetu, hata huku kwetu Fuoni na Bububu ni hayo hayo. Ua uliokuwa wa roho, kisha wa sitara, umekuwa wa wapita njia.

Basi tuzisemee hizo mbao. Kimsingi ni unga wa mbao uliochanganywa na plastiki, mara nyingi iliyokwishatumika, ukayeyushwa na kukamuliwa kwenye kalibu. Biashara yake ilikua Marekani miaka ya 1990, na leo nyingi tunazoletewa zinatoka China. Faida yake kwetu ni moja kubwa: mchwa hazimshibishi, na hazilali baada ya mvua mbili. Hazihitaji kupakwa rangi. Rangi yake hupauka miezi ya mwanzo, kisha hutulia, kwa hiyo chagua iliyokoza kidogo kuliko unayoitaka.

Dukani uliza uoneshwe kichwa cha ubao. Kuna zilizo tupu ndani na zilizojaa; zilizojaa ni nzito na ghali, na hustahimili kugongwa. Bora zaidi ni zenye ganda la plastiki pande zote, kwani doa la mafuta na kuvu haviingii. Bei ipigwe kwa mita ya ua uliosimama, pamoja na nguzo, skrubu na zege, siyo kwa ubao mmoja. Hapo ndipo watu wanapopatikana.

Fundi asizibane. Nguo tunaiachia nafasi ya mshono kwa sababu huenda ikarudi ikifuliwa; ubao huu kinyume chake, jua likipiga unarefuka, kwa hiyo uachiwe milimita chache kila ncha ndani ya nguzo. Chini uache vidole vitatu vya hewa usilale kwenye udongo. Nguzo ni muhimu kuliko mbao: ua uliozibwa kabisa ni tanga, na upepo wa kusi au wa ukingoni Newala unaujua. Kwa ua wa kimo cha mtu, nguzo iingie ardhini kama sentimita 60 na izegewe. Visiwani skrubu ziwe za chuma cha pua, chumvi haina huruma.

Matunzo ni brashi laini, maji na sabuni ya kawaida, baada ya masika na baada ya vuli, hasa upande wa kivuli ambako kuvu huota. Majani yasirundikane miguuni mwake. Na jiko la mkaa liwe mbali, taka zisichomwe karibu. Ni plastiki, itayeyuka.

Fedha ikiwa haitoshi, na mara nyingi haitoshi, funga uani kwanza: bafu, kamba ya nguo, jiko. Mbele panda minyaa au acha. Kimo usikipime ukiwa umesimama kwako. Nenda ukasimame barazani kwa jirani, kwa idhini yake, utazame anachokiona. Na ubavuni, upande wa jirani mnayesikilizana naye, mwambie fundi aweke kilango cha mita moja, kinachompitisha mwanamke na ndoo kichwani bila kutokea barabarani, komeo likae upande wako.