Hita ya Njia: Jina la Mfumo wa Umeme wa Kuyeyushia Theluji

Mjini Minneapolis, jimbo la Minnesota, theluji ikishakoma kuanguka mwenye nyumba ana saa 24 za kuiondoa kwenye njia ya miguu inayopita mbele ya nyumba yake. Mwenye duka au jengo la kupangisha hupewa saa 4 tu za mchana. Akipuuza, manispaa huiondoa yenyewe na kumpelekea bili. Wengi hushika koleo, wengine humwaga chumvi. Wachache wenye uwezo hawafanyi lolote: chini ya zege la njia yao zimelazwa kebo za umeme ambazo hupata moto zenyewe theluji inapoanza kudondoka.

Wasemaji wa Kiswahili kutoka Kenya na nchi jirani wapo wengi Minnesota, na wapo vilevile Kanada na nchi za kaskazini mwa Ulaya. Wananunua nyumba, wanasafisha majengo, wanafanya kazi ya umeme na ujenzi. Chombo hiki wanakutana nacho, na siku ya kusaini mkataba au kumweleza jamaa kwa simu, kinahitaji jina.

Kwa Kiingereza huitwa kwa kazi yake: mfumo wa kuyeyusha theluji. Anayetafsiri haraka ataandika "kiyeyusha theluji" na kuendelea na shughuli zake. Jina hilo halina kosa la sarufi. Tatizo ni kwamba linaangukia vitu vitatu vilivyo mbali kabisa.

Chanzo cha mchanganyiko ni kitenzi chenyewe. Kuyeyuka kwa Kiswahili kuna maana mbili zilizolala kitanda kimoja. Samli huyeyuka kikaangoni, na sukari huyeyuka katika chai. Samli imegeuka kutoka yabisi kuwa kimiminika kwa sababu ya joto. Sukari imesambaa ndani ya maji tu. Mazungumzo ya kila siku hayaoni haja ya kutenga mambo hayo, ila kemia huyatenga, na huko "kiyeyushi" ni kimiminika kinachopokea kitu kingine ndani yake. Kwa hiyo msomaji akikuta "kiyeyusha theluji" dukani, ana haki ya kudhani ni mfuko wa chumvi. Kweli chumvi huondoa theluji, lakini kwa kushusha kiwango cha joto ambacho maji hugandia. Baridi ikizidi nyuzi 10 chini ya sifuri, chumvi ya kawaida hupoteza nguvu yake nyingi, na mwaka hadi mwaka huila nondo iliyomo ndani ya zege na kuunguza majani ya bustani.

Kitu cha pili ni mashine. Miji kama New York ina matangi makubwa ya moto ambamo theluji iliyozolewa barabarani hutupwa, ikawa maji, yakaelekezwa kwenye mfereji wa maji machafu. Hayo nayo ni viyeyusha theluji kwa haki yake. Kitu cha tatu ndicho tunachokizungumzia, nacho hakizoi theluji wala hakimwagwi juu yake. Kimefukiwa chini.

Tukitazame kinavyojengwa. Fundi hutandaza kokoto na kuzishindilia, na pengine huweka juu yake tabaka la kuzuia joto lisipotelee ardhini. Kisha hulaza wavu wa chuma, ule ambao mafundi wetu huuita BRC, na juu ya wavu huifunga kebo kwa vibano vya plastiki, ikienda na kurudi kwa mistari inayolingana. Mistari haigusani wala haipandiani, kwa sababu mahali kebo mbili zinapopandana joto hujilimbikiza na gamba lake huungua. Zege likiwa na mwanya wa kutanukia, kebo haivushwi hapo ovyo, maana vipande viwili vya zege vikisogea vitaikata. Halafu zege humwagwa, au lami, au hupangwa vitofali vya pevingi juu ya mchanga. Kabla ya kulaza kebo, baada ya kuilaza, na tena baada ya kumwaga zege, fundi makini hupima ukinzani wake kwa mita na kuandika namba. Namba ikibadilika ghafla, kebo imejeruhiwa, na ni heri kulijua hilo kabla zege halijakauka.

Ukinzani ndio moyo wa jambo. Kebo hii hufanya kazi kama koili ya jiko la umeme: mkondo unapita kwa shida, na ile shida hutoka kama joto. Ndiyo maana kebo ya nguvu maalumu haikatwi ili itoshee mahali. Ukiifupisha, ukinzani unapungua, mkondo unaongezeka, na kebo inaungua. Hununuliwa kwa urefu uliokwisha kupangwa kiwandani, na njia ndiyo hupimwa kuifuata. Ipo aina nyingine inayojirekebisha yenyewe, ambayo hupunguza joto lake kadiri inavyopata moto. Hiyo huruhusu kukatwa, lakini ni ghali zaidi.

Sasa hesabu. Mifumo mingi hupangwa kutoa wati 300 hadi 500 katika kila mita ya mraba. Theluji nyepesi ya kina cha sentimita 5 ina maji ya kama kilo 5 kwa mita ya mraba. Kila kilo ya barafu iliyofika nyuzi sifuri hudai kilojuli 334 ili igeuke maji bila kuongeza hata nyuzi moja. Hilo ndilo joto fiche. Jumla ni karibu nusu uniti ya umeme, yaani nusu kilowati-saa. Lakini chini ya theluji hiyo kuna zege la sentimita 10, lenye uzito wa kama kilo 240 katika mita hiyohiyo. Kulitoa kwenye nyuzi 5 chini ya sifuri hadi nyuzi 3 juu yake kunakula nusu uniti nyingine. Kabla hujahesabu joto linalopeperushwa na upepo au kuzama ardhini, nusu ya umeme imekwisha kutumika kupasha njia yenyewe.

Hapo ndipo jina linapojitokeza. Kinachopata moto ni njia, na theluji huyeyuka kwa sababu imeangukia mahali penye joto. Mfumo ukiwashwa kwa mkono saa moja au mbili mapema, theluji haipati nafasi ya kushika. Ukisubiri hadi irundikane ndipo uwashe, utalipa sana na kungoja sana. Anayekiita "kiyeyusha" hutarajia kukiwasha baada ya theluji kujaa. Anayekiita "hita ya njia" ataelewa bila kufundishwa kwamba hita huwashwa kabla baridi haijakutawala.

Gharama nayo isifichwe. Njia ya gari yenye mita za mraba 40, kwa wati 400, inahitaji kilowati 16. Kwa volti 240 hizo ni karibu ampia 67, thuluthi ya uwezo wa nyumba nyingi za Marekani zenye swichi kuu ya ampia 200. Dhoruba ya saa 8 hutafuna uniti 128. Mteja mdogo wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, yule wa daraja la chini la bei, anatakiwa asizidi uniti 75 kwa mwezi mzima. Ndiyo sababu wengi huweka kebo kwenye mistari miwili tu ambamo magurudumu hupita, kila mmoja wenye upana wa kama sentimita 60, au kwenye ngazi za mlangoni ambako mtu huteleza na kuvunjika nyonga.

Kuna kiungo kimoja cha mfumo ambacho tafsiri yake inataka uangalifu: kifaa kinachoamua lini umeme uwake. Mafundi wengi hukiita "sensa", neno ambalo Tanzania nzima hulijua kwa kazi ya kuhesabu watu. "Kihisi" linafaa zaidi, nalo limekwisha kuzoeleka. Kihisi kizuri huuliza maswali mawili kwa pamoja: je, ni baridi, na je, kuna unyevu? Kikipata jibu moja tu hakiwashi. Usiku mkavu wa nyuzi 20 chini ya sifuri hauna theluji ya kuyeyusha, na mwenye kutegemea kipimajoto peke yake ataunguza umeme kipupwe kizima.

Neno "umeme" lisidondoshwe katika jina rasmi. Mjini Holland, Michigan, njia za katikati ya mji zimepashwa joto tangu 1988 kwa maji ya moto yanayotokana na joto la ziada la kituo cha kufua umeme. Klamath Falls, Oregon, ilianza 1948 kwa maji ya moto ya ardhini, na Reykjavik hupitisha chini ya njia zake maji yaliyokwisha kupasha nyumba. Hizo zote ni hita za njia, ila zina mabomba na pampu, na fundi wake ni mwingine.

Vilevile "theluji" na "barafu" vitenganishwe, hata kama pwani tumezoea kuita vyote barafu. Theluji huanguka, barafu huganda palepale, na mara nyingi huzaliwa na theluji iliyoyeyuka. Maji yakitiririka kutoka njia yenye joto hadi ukingo usio na kebo, huganda tena yakawa kioo cha kuangusha watu. Mkataba usiotaja mtaro wa kupokea maji haujakamilika.

Pendekezo langu basi ni hili. Katika mikataba na vitabu vya maelekezo tuandike "mfumo wa umeme wa kuyeyushia theluji". Kiambishi kile cha "-ia" kina kazi: kinaonyesha kwamba huu ni mtambo wa kutendea kazi, si dawa ya kumwaga. Katika mazungumzo tuseme "hita ya njia". Kanuni ya Taifa ya Umeme ya Marekani, katika kifungu cha 426, inataka kuwe na tangazo au alama ya tahadhari inayoonekana wazi mahali palipofukiwa vifaa hivi, ili asije mtu na sururu au drili akatoboa asichokijua. Kwenye nyumba au jengo ambalo wafanyakazi wake husoma Kiswahili, tangazo hilo liandikwe hivi: "Hita ya njia. Kebo za umeme chini. Usichimbe, usitoboe."