Ruhusa ya Siagi

Jamani, nani kati yenu aliwahi kufikiri kwamba kuna watu walihitaji barua ya Papa ili waweke siagi kwenye keki? Mimi sikuwahi. Habari hii niliipatia jikoni kwa mkaza mjomba wangu, mjini Dresden, Ujerumani, unga ukiwa umenijaa hadi kwenye viwiko.

Mjomba alikwenda kusoma huko mwanzoni mwa miaka ya 1980, enzi za Ujerumani Mashariki, akaoa huko huko. Mkewe tunamwita Tante, kama Wajerumani wanavyomwita shangazi. Kiswahili anakiweza, na akikuita "mwanangu" ujue kuna kazi inakuja.

"Mwanangu, njoo ukande."

Tulichokuwa tunakanda kinaitwa Stollen. Ni keki ya Krismasi, ingawa kwa namna inavyotengenezwa iko karibu zaidi na mkate. Inaumuliwa kwa hamira, halafu inajazwa zabibu kavu zilizolowekwa kwenye ramu, lozi, na maganda ya limau na machungwa yaliyopikwa kwa sukari. Ikitoka kwenye oveni inapakwa siagi iliyoyeyushwa, kisha inafunikwa kwa sukari ya unga mpaka inakuwa nyeupe pe. Wenyewe wanasema umbo lake ni mtoto Yesu aliyeviringishwa nguo.

Siku ile Tante alipanga vitu vyote mezani. Katika bakuli moja niliona vipande vidogo vya rangi ya chungwa, nikadhani ndiyo hayo maganda. Nikaonja. Ilikuwa karoti! Nikamuuliza, karoti inafanya nini humu? Akasema, "Kanda kwanza, nitakwambia."

Basi nikakanda, na yeye akaanza kunipa historia. Mengine nilikwenda kuyasoma mwenyewe baadaye.

Kumbukumbu ya zamani inayotajwa sana ni ya mwaka 1329, mjini Naumburg. Askofu wa huko alikipa chama cha waoka mikate haki zao, na kwa upande wao wakatakiwa kumpelekea mikate ya aina hiyo kila Krismasi. Dresden inaonekana kwenye maandishi mwaka 1474, katika hesabu za hospitali moja ya Kikristo.

Lakini msidhani ilikuwa tamu kama ya leo. Wiki za Majilio, kabla ya Krismasi, zilikuwa za mfungo. Siagi na maziwa vilikatazwa. Kilichobaki ni unga, hamira, maji na mafuta ya mbegu. Huko Italia mfungo wa namna hiyo haukuwa shida sana kwa kuwa mizeituni imejaa. Saxony mizeituni haioti. Wao walikuwa na ng'ombe, na ng'ombe ndio waliokatazwa!

Watawala wa Saxony wakapeleka maombi Roma. Mwaka 1491 Papa Innocent VIII akajibu kwa barua ambayo Wajerumani mpaka leo wanaiita Butterbrief, yaani barua ya siagi. Ruhusa ikatolewa, ila si ya bure. Anayetaka siagi alipe, na sehemu ya fedha hizo ikaenda kwenye ujenzi wa Kanisa Kuu la Freiberg. Kwa hiyo ukisimama ndani ya kanisa lile leo, juu yako kuna mawe yaliyolipiwa na watu waliotaka mkate laini.

Martin Luther jambo hili lilimkera sana. Katika waraka wake wa mwaka 1520 kwa wakuu wa Ujerumani alilalamika kwamba Roma inawalisha watu mafuta ambayo wao wenyewe wasingepaka hata viatu vyao, halafu inawauzia ruhusa ya kula siagi. Wale Walutheri wenzangu mnaodhani Matengenezo ya Kanisa yalihusu mambo ya mbinguni tu, hata mapishi yalikuwemo.

Baada ya hapo Stollen ikapanda cheo. Mwaka 1730 August, mtawala wa Saxony aliyekuwa pia mfalme wa Poland, alifanya maonyesho makubwa ya jeshi lake huko Zeithain. Akaagiza Stollen moja ya kilo kama 1,800! Waoka mikate wapatao mia moja walifanya kazi hiyo na oveni ya pekee ikajengwa. Keki iliyoanza kama chakula cha mfungo ikawa ya mfalme kujionyeshea. Tangu mwaka 1994 Dresden wanaukumbuka mkasa huo kila Desemba kwa kuipitisha mitaani Stollen kubwa kupindukia, kisha inakatwa na kuuzwa vipande.

Nilipomaliza kukanda tulifunika unga uumuke, tukakaa na kahawa. Nikamkumbusha karoti yangu.

Akanieleza hali ilivyokuwa Ujerumani Mashariki. Unga ulikuwepo. Zabibu, lozi na maganda ya limau vilikuwa vya kutafuta, kwa kuwa vilitoka nje na vilihitaji fedha za kigeni. Basi viwanda na kina mama wakabuni njia: karoti na nyanya mbichi zilipikwa kwa sukari, zikawekwa badala ya maganda. Waliokuwa na ndugu Ujerumani Magharibi walingoja kifurushi. Nje kiliandikwa kwamba ni zawadi, si bidhaa ya biashara. Ndani kulikuwa na zabibu, lozi na kahawa. Mashariki wakioka, wanarudisha Stollen kwa ndugu wa Magharibi. Miaka na miaka keki hii ilivuka mpaka ambao waokaji wenyewe hawakuruhusiwa kuuvuka.

Mama yake Tante alikuwa na dada mkubwa huko Magharibi. Kifurushi kilikuwa kinafika kila Novemba. Mwaka 1969 hakikufika. Ilifika barua: dada amefariki. Mama yake aliomba ruhusa ya kwenda kumzika, akanyimwa. Tante alikuwa na miaka kumi. Anakumbuka mama yake alirudi kutoka ofisini, akavua koti, akachukua karoti akaanza kuzimenya. Hakusema kitu. Krismasi ile walikula Stollen ya karoti.

"Baadaye zabibu tulipata kwa wengine," Tante alisema. "Ukuta ukaanguka mwaka 1989, maduka yakajaa kila kitu. Lakini mama hakuacha kuweka karoti. Alisema mama mkubwa hakuzikwa na sisi, basi tumkumbuke hapa."

Mimi nikanyamaza.

Sasa sikilizeni hili. Mwaka 2010 Umoja wa Ulaya ulililinda rasmi jina la Stollen ya Dresden. Lazima ioke Dresden au maeneo ya jirani. Kwa kila kilo moja ya unga iwe na siagi isiyopungua nusu kilo, zabibu gramu 650, maganda ya limau na machungwa gramu 200, na lozi gramu 150. Majarini marufuku. Zamani siagi iliombewa ruhusa, leo ukiipunguza unavunja sheria! Siwalaumu, mtu ana haki ya kulinda kitu chake dhidi ya wajanja. Lakini kwa kanuni hizo, mama anayetupa karoti badala ya maganda hana haki ya jina hilo, hata kama kazaliwa Dresden na kafia Dresden.

Nikamuuliza Tante kama jambo hilo linamuudhi. Akacheka. "Mimi siuzi, mwanangu. Mimi nakula."

Tuliioka, tukaiviringisha kwenye kitambaa, tukaiweka mahali pa baridi wiki tatu ili ladha ikolee. Inakatwa kuanzia katikati, kisha nusu mbili zinasukumwa zikutane, isikauke. Yangu ilipasuka ubavuni kwa sababu sikuikunja vizuri, lakini iliisha kabla ya ile ya Tante.

Mwaka huu nitaoka nyumbani. Lozi bei yake mnaijua wenyewe. Zabibu zipo, ramu ipo. Maganda ya machungwa ningeweza kuyapika mwenyewe, machungwa yamejaa sokoni.

Nitaweka karoti.