Mtumba: Safari ya Neno na Vazi

Mwambao wa Afrika ya Mashariki haugawi mwaka wake kama Ulaya. Hapo mwaka hugawika kwa pepo za kaskazi na kusi, na joto kali la Dar es Salaam na Mombasa huja na kaskazi, baina ya Desemba na Machi. Ndipo kwenye meza za Karume na Kongowea zinapogombewa gauni nyepesi za maua na mashati ya rangi za kuwaka, ambayo mvaaji wa kwanza aliyanunua kwa ajili ya Julai ya huko kwao. Makoti mazito hupelekwa Njombe au Limuru, kwenye baridi.

Jina la nguo hizo, mitumba, limezoeleka mno hata wengi hulidhania kuwa zao la miaka ya 1980. Dhana hiyo haina msingi. Katika lugha ya misafara ya karne ya 19, mtumba ulikuwa furushi la nguo lililofungwa madhubuti ili mpagazi aweze kulichukua kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji. Ndani yake mlikuwa na marekani, kaniki na vitambaa vya rangi, yaani nguo mpya kabisa. Marekani ilipata jina lake kutokana na nchi ilikotoka, kwani ililetwa Unguja na merikebu za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Katika maana hiyo ya awali ya mtumba hamna dalili yoyote ya ukuukuu.

Basi upya uligeukaje kuwa ukuukuu? Jibu limo katika umbo la mzigo. Nguo kuukuu nazo zilisafirishwa zikiwa zimefungwa marobota, na jina la kifungashio likahamia kwenye kilichofungwa, sawa na mtu anaposema amekunywa vikombe viwili. Kisha sarufi ikaongeza hatua nyingine. Kwa njia ya kihusishi cha -a unganifu, mtumba ukawa sifa: shati la mtumba, kiatu cha mtumba, hatimaye gari la mtumba na jokofu la mtumba, mizigo ambayo hakuna mpagazi angethubutu kuitwika. Nafasi iliyoachwa wazi ilijazwa na belo, neno lenye asili ya Kiingereza. Mchuuzi wa leo hufungua belo la kilo 45 akakuta mitumba. Babu yake angefungua mtumba akakuta marekani.

Neno hili halikukosa mshindani. Kwa muda mrefu nguo hizo ziliitwa pia kafa Ulaya, kwa kudhaniwa kwamba mwenyewe amekwisha kufa. Waakan wa Ghana walifikia fikra iyo hiyo waliposema obroni wawu, mzungu amekufa. Kwingineko jina lilitokana na tendo la mnunuzi: salaula ya Wabemba wa Zambia ni kuchagua kwa kupekua rundo, na caguwa ya Rwanda si jingine ila chagua ya Kiswahili. Tofauti hii si ndogo. Kafa Ulaya humkumbusha mvaaji maiti asiyemjua, na mna kejeli ndani yake. Chagua humpa mnunuzi hadhi ya mwenye hiari. Mtumba hautaji maiti wala mteuzi, unataja mzigo tu. Huenda unyamavu huo ndio ulioupa ushindi, kwani fukara na karani waliweza kulitamka jina hilo bila ya kujidhalilisha.

Heshima ya mavazi ilikuwa pia jambo la dola. Mwaka 1968 kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, na mwaka huo huo ikatangazwa Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi na suruali za kubana. Mtanzania alitarajiwa avae kwa staha, na avae cha kwake. Lakini baada ya vita vya Kagera vya 1978–79 nguo ziliadimika madukani, na bajeti ya 1984 ilipolegeza masharti ya uagizaji, mitumba ilipata njia pana. Kusema kwamba mitumba peke yake ndiyo iliyoviua viwanda ni kusahau kwamba viwanda vyenyewe vilikuwa vimekwisha kudhoofika. Kusema kwamba haikuvidhuru ni kuwasahau wafumaji waliopoteza kazi.

Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa mitumba sokoni ifikapo 2019. Marekani, nchi iliyowahi kuleta nguo mpya kwa merikebu, ilitishia kuondoa nafuu ya ushuru, na Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda haikurudi. Ilikuwa imekwisha kupandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 nguo zake zikanyimwa nafuu hiyo katika soko la Marekani. Caguwa ilipungua katika masoko ya Kigali. Katika vinywa vya watu neno lilibakia, likiwa na matamshi ya Kinyarwanda na mzizi wa Kiswahili.