Daktari wa familia (Kuba)

Daktari wa familia ndiye mlango wa kuingilia katika mfumo wa afya wa Kuba. Mpango wake ulianza mwaka 1984 kwa majaribio katika mtaa wa Lawton, Havana, kisha ukaenea nchi nzima. Daktari na muuguzi hukabidhiwa eneo dogo, hapo mwanzo takriban kaya 120, na daktari mara nyingi huishi palepale, ghorofa ya juu ya zahanati yake. Huduma hailipiwi.

Kiini cha kazi hii ni kuwatembelea watu majumbani. Kila mkazi huwekwa katika kundi lake: anayeonekana kuwa mzima, aliye katika hatari ya kuugua, mgonjwa, au mwenye ulemavu wa kudumu. Hata asiyeumwa hutembelewa, na hapo ndipo mpango huu unapostahili sifa yake kubwa. Daktari huona maji yanakohifadhiwa, nani anavuta sigara, mzee yupi anaishi peke yake. Mambo ambayo mgonjwa hayataji akiwa hospitalini. Anayehitaji vipimo zaidi hupewa rufaa kwenda polikliniki ya eneo, kisha hospitali.

Uhaba wa dawa umeudhoofisha mpango, na serikali inapowatuma madaktari ng'ambo, waliobaki huhudumia watu wengi zaidi.

Hata hivyo, mpango huu umevutia nchi nyingine: mwaka 2018 Kenya ilipeleka madaktari 50 Kuba kusomea udaktari wa familia, huku wataalamu wa Kuba wakipangiwa kazi katika hospitali za kaunti.