Heinzelin, Jean de

(1920–1998). Mjiolojia Mbelgiji na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Ghent, aliyechimba Ishango katika eneo la Beni, kusini-mashariki mwa Butembo, pale Mto Semuliki unapotoka Ziwa Edward. Mwaka 1950 alipata huko mfupa wa sentimita 10 hivi, wenye kipande cha kwatzi nchani na chale za safu tatu. Safu mbili zina jumla ya 60 kila moja, ya tatu 48. Mojawapo ina 11, 13, 17 na 19. Heinzelin aliona humo mchezo wa hesabu, Alexander Marshack akaona kalenda ya mwezi. Wapo wasioona hesabu yoyote. Ubishi huo, kwa bahati mbaya, umefunika kazi yake iliyo imara zaidi: usomaji wa tabaka za bonde la ufa. Umri wa mfupa huo aliokadiria ulisogezwa baadaye hadi miaka 20,000 hivi. Watafiti waliorudi Semuliki miaka ya 1980 walikuta Katanda vyusa vya mfupa vya miaka karibu 90,000. Uzeeni alifanya kazi Bouri, Ethiopia; matokeo yalichapishwa 1999. Mfupa wa Ishango uko Brussels.