Saini ya barua pepe: mambo ya kuzingatia kwa wafanyabiashara na wasafirishaji

Saini ya barua pepe ni mistari michache inayowekwa mwisho wa ujumbe kumtambulisha mwandishi. Lori linapokwama mpakani kwa kukosa hati moja, wakala wa forodha hutazama hapo kujua ampigie nani.

Yanayotakiwa ni jina kamili, cheo, jina la kampuni kama lilivyo kwenye ankara na hati za mzigo, mji, nchi na simu. RFC 1855, mwongozo wa adabu za mtandao uliotolewa mwaka 1995, ulishauri saini isizidi mistari minne. Mfano:

Jina kamili, Ofisa Usafirishaji
Jina la kampuni, Tunduma, Tanzania
Simu: +255 na nambari bila sifuri ya mwanzo
Ofisi: 08:00 hadi 17:00, saa za Tanzania

Simu: Nambari inayoanza na 0 haimfai mtu aliye nchi nyingine. Ondoa sifuri, weka msimbo wa nchi: Kenya +254, Tanzania +255, Uganda +256, Rwanda +250, Burundi +257, Kongo +243, Zambia +260.

Saa: "Saa mbili asubuhi" kwa asiyezoea saa za Kiswahili ni saa nane za usiku. Tumia tarakimu za saa 24 na utaje ni saa za wapi. Rwanda, Burundi, Zambia na mashariki mwa Kongo ziko nyuma kwa saa moja. Tunduma ikiwa 08:00, ng'ambo ya pili Nakonde ni 07:00.

Picha: Nembo kubwa huchelewa kufunguka mtandao ukiwa dhaifu, na nambari iliyo ndani ya picha hainakiliki kwa urahisi. Mawasiliano yawe maandishi.

Akaunti ya benki: Isiwekwe kwenye saini. Mahali pake ni kwenye ankara.

Tahadhari: Saini si uthibitisho. Tapeli huweza kunakili jina, cheo na nembo, akabadilisha simu tu. Ukipokea ujumbe wa kubadili akaunti ya malipo, usipige nambari iliyo chini yake. Piga ile uliyokuwa nayo tangu awali, uthibitishe kwa sauti, ndipo ulipe. Fedha ikishavuka mpaka, kuirudisha ni kazi ngumu.