Utoaji mimba na wahudumu wasio madaktari (Rwanda)

Wahudumu wasio madaktari ni wauguzi, wakunga na matabibu wanaotibu bila shahada ya udaktari. Je, waruhusiwe kutoa mimba? Nchini Rwanda swali hili linaangukia vituo kama cha Kagugu, katika sekta ya Kinyinya, wilaya ya Gasabo, jijini Kigali. Huko, kama kwenye vituo vingi vya afya nchini, kazi iko mikononi mwa wauguzi na wakunga. Wao ndio huzalisha, huweka vijiti vya uzazi wa mpango, na huandika rufaa kwenda hospitali ya Kibagabaga.

Sheria ya mwaka 2012 ilitaka aliyebakwa apate kwanza kibali cha mahakama. Kesi huenda polepole kuliko mimba, hivyo wachache walifanikiwa. Sheria ya 2018 ilifuta sharti hilo. Inakubali sababu tano: mjamzito ni mtoto, amebakwa, ameozwa kwa nguvu, amepewa mimba na ndugu wa karibu, au afya yake au ya kijusi iko hatarini. Amri ya Waziri wa Afya ya Aprili 2019 iliweka ukomo wa wiki 22 na kumtaka daktari, tena ndani ya hospitali au polikliniki. Amri ya Oktoba 2024 ilipanua huduma hiyo hadi ngazi ya vituo vya afya.

Kitaalamu hoja ya daktari pekee ni dhaifu. Katika miezi mitatu ya kwanza hutumika vidonge, au bomba la plastiki la mkono lenye mrija mwembamba, kazi ya dakika chache huku mgonjwa akiwa macho. Bomba hilohilo ndilo husafishia kizazi mimba inapoharibika yenyewe. Utafiti uliofanywa Afrika Kusini na Vietnam, uliochapishwa 2006, ulikuta madhara kwa wahudumu hao ni machache kama kwa madaktari. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2022, linawakubali wauguzi na wakunga waliofunzwa.

Wapinzani, Kanisa Katoliki likiwa mbele, hawagombei bomba wala cheti. Wanapinga tendo lenyewe, kwa hiyo takwimu za usalama haziwajibu.

Afrika Kusini imewaruhusu wakunga tangu sheria yake ya 1996, hadi wiki 12. Nchini Kenya, Sheria ya Afya ya 2017 inawahesabu muuguzi, mkunga na tabibu kuwa wataalamu waliofunzwa, sawa na daktari.